Wasifu wa John Akii-Bua, Bingwa wa Mbio za Viunzi

Utangulizi

Wasifu ni maelezo ya maisha ya mtu yanayoandikwa na mtu mwingine. Mtu akiandika maisha yake mwenyewe, maelezo hayo huitwa tawasifu. Katika mtihani, wanafunzi wengi hupoteza alama kwa sababu huandika sifa tupu: fulani alikuwa hodari, fulani alipendwa na watu. Wasifu mzuri hueleza tukio, mwaka, mahali, sababu na matokeo, kisha humwachia msomaji nafasi ya kupima.

Wasifu ufuatao ni wa John Akii-Bua wa Uganda, Mganda wa kwanza kupata medali ya dhahabu ya Olimpiki. Tumemchagua kwa sababu mbili. Kwanza, habari zake zina mpangilio unaoeleweka kwa urahisi: kuzaliwa, malezi, kazi, mafanikio, matatizo na kifo. Pili, maisha yake yaligusana na historia ya nchi yetu, hasa vita ya Kagera ya mwaka 1978 hadi 1979. Unaposoma, jiulize swali moja: je, ushindi wa mtu unaweza kumlinda dhidi ya mambo yanayoamuliwa na wakubwa wa nchi?

Kuzaliwa na malezi

John Akii-Bua alizaliwa tarehe 3 Desemba 1949 katika kijiji cha Abako, eneo la Lango, kaskazini mwa Uganda. Baba yake alikuwa chifu, mwenye wake wengi na watoto 43. Michezo haikuwa jambo geni katika familia hiyo. Kaka yake, Lawrence Ogwang, aliiwakilisha Uganda katika Olimpiki ya mwaka 1956 huko Melbourne, Australia.

Utoto wa Akii-Bua ulifanana na wa vijana wengi wa Igunga wanaokulia pembezoni mwa mbuga ya Wembere. Alichunga ng'ombe na kukimbia huku na huko kuwarudisha waliopotea. Baba yake alifariki dunia John akiwa bado kijana. Masomo yake yakakatika mapema, ikambidi afanye kazi ili kusaidia familia. Hakuwa na cheti cha kumpatia kazi ya ofisini. Mlango uliofunguka ulikuwa wa jeshi la polisi, akaenda Kampala.

Polisi na kuanza kwa riadha

Katika jeshi la polisi alikutana na Jorem Ochana, askari mwenzake aliyekuwa bingwa wa mbio za viunzi. Ochana aliona kwamba kijana huyu mrefu ana mwili mlegevu wa kuruka na pumzi ya kukimbia, akaanza kumfundisha. Mwanzoni Akii-Bua alishiriki mbio fupi za viunzi za mita 110.

Mwaka 1968 Uganda ilipata kocha wa taifa kutoka Uingereza, Malcolm Arnold. Yeye ndiye aliyemshawishi Akii-Bua ahamie mbio za mita 400 kuruka viunzi. Ili kuelewa uamuzi huo, ni lazima kwanza kuzielewa mbio zenyewe. Mkimbiaji huzunguka uwanja mzima mara moja na kuruka viunzi 10, kila kimoja kikiwa na kimo cha sentimita 91.4. Kiunzi cha kwanza kipo mita 45 kutoka mstari wa kuanzia, na kutoka kiunzi hadi kiunzi ni mita 35. Baada ya kiunzi cha mwisho zinabaki mita 40 za kumalizia. Kwa hiyo mbio hizi hutaka mambo matatu kwa pamoja: kasi, pumzi na hesabu ya hatua.

Hesabu ya hatua ndiyo huwashinda wengi. Mkimbiaji akiwa na nguvu hupiga hatua ndefu, hivyo hutumia hatua chache kati ya viunzi. Akichoka, hatua hufupika na idadi yake huongezeka. Idadi ikibadilika kutoka witiri kwenda shufwa, mguu unaotangulia kuruka nao hubadilika. Mtu aliyezoea kuruka kwa mguu mmoja tu hulazimika kupunguza mwendo ili ajipange upya. Akii-Bua alijifunza kuruka kwa mguu wowote, wa kulia au wa kushoto.

Mwaka 1970 alishiriki michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edinburgh, Uskoti, akashika nafasi ya nne. Alikosa medali, lakini alirudi nyumbani akijua umbali uliobaki. Mwaka uliofuata, katika mashindano kati ya Afrika na Marekani yaliyofanyika Durham, Marekani, alikimbia kwa sekunde 49.0. Kuanzia hapo wapinzani wake wa Ulaya na Marekani walianza kulifuatilia jina lake.

Mazoezi kabla ya Munich

Uganda ya wakati ule haikuwa na vifaa vingi vya mazoezi. Kilichokuwepo kwa wingi kilikuwa vilima, na Akii-Bua alivitumia. Alikimbia kupanda vilima akiwa amevaa kizibao kilichoongezwa uzito wa kilo 11 hivi. Mwanafunzi anayeufahamu mlima Sekenke, barabara ya kwenda Singida, anaweza kukisia kazi hiyo: kupanda mlima kama ule kwa mbio, tena na tena, ukiwa na mzigo mwilini.

Aidha, alifanya mazoezi ya kuruka viunzi vya mbio za mita 110, ambavyo vina kimo cha sentimita 106.7. Nia yake ilikuwa kwamba akizoea kiunzi kirefu, kile cha mashindano kitakuwa kifupi machoni pake. Hapa tunaona sababu na matokeo: ushindi wa Munich uliandaliwa kwenye vilima vya Uganda miezi mingi kabla.

Fainali ya tarehe 2 Septemba 1972

Olimpiki ya mwaka 1972 ilifanyika Munich, Ujerumani Magharibi. Katika fainali ya mita 400 kuruka viunzi, watu wengi walimtazama David Hemery wa Uingereza. Huyu alikuwa bingwa wa Olimpiki ya Meksiko ya mwaka 1968 na mwenye rekodi ya dunia ya sekunde 48.12. Mwingine aliyetarajiwa kushinda alikuwa Ralph Mann wa Marekani.

Akii-Bua alipangiwa njia ya 1, yaani ile ya ndani kabisa. Wakimbiaji wa viunzi hawaipendi njia hiyo. Kona yake ni kali kuliko za njia nyingine, na kuruka kiunzi huku mwili ukivutwa na kona hupoteza kasi. Mkimbiaji wa njia ya 1 pia huanza akiwaona wenzake wote wametangulia mbele, kwa sababu mistari ya kuanzia hupangwa kwa ngazi ili kusawazisha umbali.

Hemery aliondoka kwa kasi kubwa. Akii-Bua hakuharakisha kumfuata, bali alitunza nguvu zake na hesabu ya hatua zake. Walipoingia sehemu iliyonyooka ya mwisho, Hemery alianza kuchoka, na Akii-Bua akampita. Alimaliza wa kwanza kwa sekunde 47.82. Mann alikuwa wa pili kwa sekunde 48.51, na Hemery wa tatu kwa sekunde 48.52.

Zingatia tarakimu hizo. Tofauti kati ya wa pili na wa tatu ilikuwa sehemu moja ya mia ya sekunde. Tofauti kati ya wa kwanza na wa pili ilikuwa karibu sehemu saba za kumi za sekunde. Akii-Bua alikuwa binadamu wa kwanza kukimbia mbio hizo chini ya sekunde 48, na alifanya hivyo akiwa katika njia mbaya kuliko zote, akiwa na umri wa miaka 22.

Baada ya kumaliza hakusimama. Aliendelea kuzunguka uwanja kwa furaha, akiruka viunzi na kupeperusha bendera ya Uganda mbele ya watazamaji waliokuwa wakimshangilia.

Uganda ilivyokuwa wakati huo

Furaha ile ilitokea nyumbani kukiwa na hofu. Januari 1971, Idi Amin alikuwa amempindua Rais Milton Obote. Obote alikuwa Mlango, kabila moja na Akii-Bua. Baada ya mapinduzi, askari wengi wa makabila ya Lango na Acholi waliuawa, na wengine walikimbia nchi. Agosti 1972, mwezi mmoja kabla ya fainali ya Munich, Amin alitoa amri ya kuwafukuza Waasia katika muda wa siku 90.

Obote alipewa hifadhi Tanzania. Tarehe 17 Septemba 1972, wiki mbili tu baada ya ushindi wa Akii-Bua, wafuasi wa Obote waliivamia Uganda kutoka Tanzania, wakashindwa. Baadhi ya wakimbizi hao wenye silaha waliishi miaka iliyofuata katika kambi ya Kigwa, hapa mkoani Tabora, wakilima tumbaku. Wengi wao walikuwa Waacholi na Walango. Hivyo, wakati ndugu zake wa kabila wakilima Tabora kama wakimbizi, Akii-Bua alikuwa Kampala akisifiwa na serikali iliyowafukuza.

Amin alimpandisha cheo katika polisi na kumpa nyumba. Barabara moja ya Kampala ikapewa jina lake. Kumbuka kwamba wakati huo Olimpiki ilikuwa ya wanamichezo wa ridhaa, wasiolipwa. Bingwa wa Munich hakupata fedha za zawadi kama wanavyopata wanamichezo wa kulipwa siku hizi, bali aliendelea kuishi kwa mshahara wa polisi. Alichokuwa nacho zaidi ya mshahara kilitoka mkononi mwa mtawala, na mtawala alipata faida yake. Amin alimtumia kama mfano wa Mlango anayeishi vizuri, ili kuwajibu waliosema kwamba Walango wanateswa. Medali ilimkinga Akii-Bua kwa kiasi fulani, lakini pia ilimfunga kwa serikali ambayo watu wake waliiogopa.

Mwaka 1973 alishinda tena medali ya dhahabu katika Michezo ya Afrika mjini Lagos, Nigeria.

Kususia Olimpiki ya mwaka 1976

Bingwa wa Olimpiki husubiri miaka minne ili kutetea taji lake. Olimpiki iliyofuata ilikuwa ya Montreal, Kanada, mwaka 1976. Mwaka huo timu ya raga ya New Zealand ilizuru Afrika Kusini, nchi iliyokuwa chini ya ubaguzi wa rangi. Nchi za Afrika zilitaka New Zealand izuiwe kushiriki Olimpiki. Ombi hilo lilipokataliwa, nchi zaidi ya 20, nyingi zikiwa za Afrika, zilisusia michezo hiyo. Tanzania ilikuwa mstari wa mbele katika msimamo huo, na Uganda nayo ilisusia.

Akii-Bua hakukimbia Montreal. Mmarekani Edwin Moses alishinda mbio zake na kuvunja rekodi yake ya dunia iliyokuwa imedumu miaka minne. Mtanzania Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1500 mwaka 1974 huko Christchurch, naye alikosa nafasi ya kupambana na John Walker wa New Zealand, ambaye ndiye aliyeshinda.

Jambo hili lina pande mbili na mwanafunzi anapaswa kuzieleza zote. Kususia kulikuwa silaha halali dhidi ya ubaguzi wa rangi, na kuliitia aibu serikali ya Makaburu. Lakini gharama ya silaha hiyo ililipwa na vijana wachache ambao miguu yao haikuweza kusubiri miaka mingine minne. Akii-Bua na Bayi walikuwa miongoni mwa waliolipa zaidi.

Vita na ukimbizi

Mwishoni mwa mwaka 1978 majeshi ya Amin yalivamia eneo la Kagera. Tanzania iliyarudisha nyuma, kisha ikaingia Uganda ikiwa pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Katika vitabu vyetu vya historia tunaisoma vita hiyo kama ushindi, na ndivyo ilivyokuwa: mvamizi alifukuzwa na dikteta akaanguka.

Kwa Akii-Bua, hali ilikuwa ngumu kuliko hivyo. Akiwa Mlango, aliweza kuuawa na askari wa Amin waliokuwa wakikimbia kwa hasira. Akiwa ofisa aliyepewa cheo na nyumba na Amin, aliweza kuhesabiwa na washindi kuwa kibaraka. Hakuwa na upande wa kukimbilia. Aliichukua familia yake, akavuka mpaka na kuingia Kenya, ambako bingwa wa Olimpiki aliwekwa katika kambi ya wakimbizi.

Aliyemtoa huko hakuwa serikali wala chama cha michezo. Ni kampuni ya Puma ya Ujerumani, ambayo viatu vyake alivivaa katika mbio. Kampuni hiyo ilimsaidia kufika Ujerumani, akafanya kazi kwao kwa miaka mitatu hadi minne.

Mwaka 1980 aliiwakilisha Uganda katika Olimpiki ya Moscow. Alikuwa na umri wa miaka 30, na miaka yake bora ilikuwa imepita. Hakufika fainali. Katika michezo hiyohiyo Tanzania ilipata medali zake mbili za fedha, kupitia Filbert Bayi katika mbio za mita 3000 za kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui katika mita 5000.

Miaka ya mwisho na kifo

Akii-Bua alirejea Uganda miaka ya 1980, akarudi katika jeshi la polisi na kufundisha riadha. Hakuwa tajiri. Mke wake alifariki kabla yake, naye akabaki na watoto. Alifariki dunia tarehe 20 Juni 1997 mjini Kampala, akiwa na umri wa miaka 47, akaacha watoto 11. Serikali ilimzika kwa heshima za kitaifa.

Uganda ilisubiri miaka 40 tangu Munich kupata medali nyingine ya dhahabu ya Olimpiki. Ililetwa na Stephen Kiprotich katika mbio za marathoni jijini London mwaka 2012.

Mambo ya kukumbuka

1. Mafanikio ya Akii-Bua yalitokana na mazoezi yenye mpango. Usiandike kwamba alizaliwa na kipaji, ukaishia hapo. Taja vilima, kizibao chenye uzito, viunzi virefu na uwezo wa kuruka kwa mguu wowote.

2. Walimu wake walikuwa Jorem Ochana na Malcolm Arnold. Mmoja alikiona kipaji, mwingine akakielekeza kwenye mbio zinazokifaa.

3. Ushindi wake ulitumiwa kisiasa, na siasa hiyohiyo ilimnyima nafasi ya kutetea taji na hatimaye kumfanya mkimbizi.

4. Tukio moja la kihistoria huweza kuwa ukombozi kwa wengi na msiba kwa mtu mmoja. Mwandishi wa wasifu hueleza yote mawili bila kuficha lolote.

Msamiati

Kiunzi: kizuizi cha mbao au chuma kinachorukwa na mkimbiaji.
Ridhaa: hali ya kushiriki michezo bila kulipwa.
Kususia: kukataa kushiriki jambo ili kuonyesha msimamo.
Kibaraka: mtu anayetumiwa na mwenye nguvu kwa manufaa ya huyo mwenye nguvu.
Witiri na shufwa: idadi isiyogawanyika kwa mbili, na idadi inayogawanyika kwa mbili.

Maswali ya marudio

1. Eleza tofauti kati ya wasifu na tawasifu.
2. Kwa nini njia ya 1 ilikuwa kikwazo kwa Akii-Bua? Toa sababu mbili.
3. Onyesha uhusiano uliopo kati ya mazoezi ya Akii-Bua na ushindi wake wa mwaka 1972.
4. Fafanua jinsi Idi Amin alivyonufaika na ushindi wa Akii-Bua.
5. Kususia Olimpiki ya mwaka 1976 kulikuwa na faida na hasara. Jadili kwa kutumia mifano ya wanariadha wawili.
6. Kwa nini Akii-Bua aliogopa pande zote mbili za vita mwaka 1979?
7. Fupisha sehemu ya Vita na ukimbizi kwa maneno yasiyozidi 60.
8. Andika wasifu wa mtu yeyote marehemu aliyejulikana katika wilaya yako, ukizingatia miaka, sababu na matokeo.

Mwongozo wa swali la 5: Anza kwa kueleza sababu ya kususia, yaani ziara ya timu ya raga ya New Zealand nchini Afrika Kusini. Kisha toa faida, kama vile kuutangazia ulimwengu uovu wa ubaguzi wa rangi. Toa hasara kwa kuwataja Akii-Bua na Bayi, na ueleze kila mmoja alikosa nini hasa. Hitimisha kwa msimamo wako na utoe sababu. Ukiunga mkono kususia au ukipinga, utapata alama, mradi hoja zako zitoke katika habari uliyoisoma.